Dumu la alizeti lilonivuruga futari

Zimebaki kama dakika ishirini na tano adhana ya magharibi ilie, sambusa thelathini na sita zimepangwa kwenye sinia, wageni washaanza kuvua viatu mlangoni, na mie niko jikoni natazama karai linapanda povu kama nimetia sabuni ya unga. Sio vile vipovu vya kawaida vinavyozunguka sambusa vikapotea, hapana, hili povu jeupe zito, linapanda linapanda mpaka ukingoni, nikitoa sambusa moja linashuka, nikitia nyengine linapanda tena, na moshi juu yake macho yanawasha. Wifi yangu kasimama nyuma yangu kakunja mikono, hasemi kitu. Wifi asosema kitu mnamjua.

Mafuta yale nilikuwa nimeyanunua kwa mbwembwe zote. Ramadhani ile nilijiapia nyumba yangu hayaingii tena mafuta ya mawese, nshachoka kuambiwa kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba yanaziba mishipa ya moyo, basi nikenda zangu sokoni Mwanakwerekwe kutafuta alizeti, na sikutaka ile ya chupa inayong'aa, nikataka ya asili, ilokamuliwa kwenye mashine ndogo huko Singida ikaja na dumu lake la njano, ukifungua unasikia harufu ya mbegu, rangi imekoza na chini kuna mashapo. Muuzaji akanambia hii pyua dada angu, haijatiwa kitu. Na kweli alisema kweli, haikutiwa kitu na haikutolewa kitu, na hapo ndo tatizo lilipokuwa, ila hilo nilikuja kulijua baadae. Lita tano. Nikapanda nalo daladala nimelipakata kama mtoto.

Usiku ule watu walifuturu kwa uji, tende na mihogo ya nazi, sambusa za kueleweka zilitoka nane, zilobaki zimekunywa mafuta mpaka karatasi ya chini unaona upande wa pili. Tunaosha vyombo ndo wifi akafungua mdomo: "Wifi, yale mafuta ya kuungia yale, si ya karai." Basi. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kuuliza watu na kusoma, na nlichokipata nakiandika hapa maana kila Shaabani ikiingia mashoga zangu wananiuliza suali lile lile, ninunue mafuta gani mwaka huu, na mie jawabu yangu inakuwa ndefu, nikianza kurekodi voisi inafika dakika nane hawasikilizi.

Haya. Mbegu ikikamuliwa, kinachotoka sio mafuta matupu. Kuna vijimaji, kuna asidi, na kuna vitu vyenyewe kama gundi, vinavyoteleza. Kiwandani huvitoa kimoja kimoja, wanatoa gundi, wanapunguza asidi, wanapausha rangi, mwisho wanapitisha mvuke wa moto kuondoa harufu, na ndo unapata yale mafuta meupe yasonukia kitu. Mie nilikuwa nikiyaona yale kama mafuta yaloibiwa roho. Kumbe vile vilotolewa ndo hasa vinavyofuka moshi na kupandisha povu karai likipata moto. Alizeti ilosafishwa haianzi kutoa moshi mpaka ifike kama digrii 225 hivi, na sambusa unaichomea kwenye 170 mpaka 180, kwahiyo una nafasi kubwa tu. Ile ya kukamua inaanza kufuka mapema mno, kabla hata hujafikia moto wa kuchomea. Kwa hiyo nilikuwa nimekamatwa katikati, moto nikiuzidisha linafuka, nikiupunguza sambusa zinakunywa mafuta. Mafuta yenyewe hayakuwa na kosa, mwenye kosa alikuwa mie nloyapa kazi isokuwa yao.

Na kuna jengine ambalo wifi hakuliona na mie sikumwambia mpaka leo (akisoma hapa basi keshajua). Karai lilikuwa halijajaa vizuri. Na dumu nililifanyia uchoyo, nilitaka libaki. Juu ya kabati kulikuwa na chupa ya mafuta ya nazi ya bibi, imebaki nusu, nikaimimina yote humo humo. Sasa mafuta ya nazi ukiyachanganya na mafuta ya aina nyengine kwenye karai la moto yanatoa povu, wanaochoma vitu viwandani wanalijua hilo na wanaliogopa, haijalishi nazi yako nzuri vipi na hayo mengine mazuri vipi. Nazi ichome peke yake. Mie nilichanganya nazi na alizeti isosafishwa, yani nilifanya makosa mawili kwenye karai moja halafu nikashangaa.

Mafuta ya bibi lazma niyaeleze kidogo. Bibi yuko Konde, Pemba, na mpaka leo anakamua mafuta ya nazi mwenyewe ingawa mikono ishachoka, siku hizi mbuzi anakaa mjukuu, yeye anasimamia tu. Nazi zilokauka vizuri, zinakunwa, chicha inatiwa maji ya uvuguvugu inakamuliwa kwenye kifumbu, lile tui zito linawekwa sufuriani juu ya kuni likachemka taratibu. Mwanzo ni tui tu linatokota, jikoni pananukia kama wali. Halafu linaanza kukatika, vijitonge vyeupe huku na mafuta huku, bibi anakoroga haachi, na sauti inabadilika. Hii sauti ndo kitu alichonifunza kuliko vyote. Maji yakiwa mengi, sufuria inanguruma. Yakipungua inakuwa kama mvua ya rasharasha kwenye bati. Yakimalizika kabisa inanyamaza, na ikinyamaza tu yale makapi yanageuka rangi ya hudhurungi kwa dakika chache mno, ndo shata hiyo, hapo unaepua mbio. Ukichelewa mafuta yananuka moto. Shata tunagombania watoto na watu wazima, inaliwa na sukari.

Mafuta yale ni matamu kwa kukaangia samaki, changu hasa, sitaki hata kubishana na mtu. Lakini nazi ya nyumbani inaanza kutoa moshi kama 175, yani pale pale inapotakiwa ianze kazi ya karai. Ndo maana bibi hachomi maandazi kwa mafuta ya nazi, anakaanga samaki kwenye kikaango, mafuta kidogo, moto wa wastani, hana haraka. Hajawahi kusikia hizo namba. Anajua tu.

Mwaka jana kaka yangu alokuwepo Maskati aliniletea kipimajoto cha jikoni, kile chenye sindano ndefu, na nilipokwenda Pemba nikakichukua nimpime bibi. Nia mbaya kabisa, nilitaka nimkute kakosea. Kaweka karai, kakaa, kang'oa ujiti mmoja kwenye ufagio wa chelewa (mpya, msianze), kauchovya ncha. Kimya. Kasubiri. Kauchovya tena, vipovu viwili vitatu vya uvivu. "Bado." Kauchovya mara ya tatu, vipovu vikatoka mbio mbio kuuzunguka ujiti kama vinafukuzana. "Sasa tia." Nikatazama sindano: 176. Nikamwambia bibi uko sawa, akanitazama vile, kwani weye ulidhani nini.

Kinachotokea pale ni maji tu. Ujiti una unyevu kidogo ndani yake, mafuta yakifika moto wa kutosha ule unyevu unageuka mvuke kwa kasi, ndo vile vipovu. Na sambusa au andazi ni hivo hivo. Maji ya ndani yanachemka, yanatoka kwa nguvu kama mvuke, na kwa vile yanasukuma kwenda nje mafuta hayapati njia ya kuingia. Moto mdogo, mvuke dhaifu, mafuta yanaingia. Moto mkubwa mno, nje kumeungua ndani kubichi. Ukijaza karai vitu ishirini kwa mara moja, hata kama mafuta yalikuwa sawa sawa, yanapoa ghafla, na hii ndo inayotuua wengi saa kumi na moja na nusu jioni, kila mtu anataka amalize, anatupa sambusa kama anapanda mbegu. Sita kwa karai la kawaida. Sita. Unaweza kuona zinachelewa lakini hesabu mwenyewe, sita zinazotoka dakika nne na sita nyengine dakika nne, au ishirini zilizokaa robo saa na zimelowa.

Na hili nalo lilinishangaza: mafuta mengi yanayoingia kwenye chakula hayaingii wakati kiko karaini, yanaingia ukishakitoa. Kinapoanza kupoa, ule mvuke wa ndani unarudi kuwa maji, ndani panabaki na nafasi, panavuta, na kinachovutwa ni mafuta yalonata juu ya ngozi yake. Kwahiyo zile sekunde za mwanzo baada ya kuepua ndo za kupigania. Usimwage tu kwenye bakuli moja juu ya nyengine. Kung'uta kijiko cha matundu juu ya karai, kingali kinalia, halafu weka kwenye chungio au waya, zisimame wima sambusa, mafuta yashuke kwenye ncha. Karatasi ya jikoni ikiwepo sawa. Gazeti msitumie jamani, ule wino unahamia kwenye maandazi, mie nshawahi kusoma kichwa cha habari kwenye andazi.

Sasa mafuta gani. Mie nlirudi kwa mawese, nakiri. Yale yalosafishwa ya kimiminika, ambayo wengi mnayanunua kwenye madumu na vipimo vya dukani bila hata kujua kama ni mawese kwa sababu hayana rangi nyekundu wala harufu. Ukitaka kujua, soma kwa nyuma, au ngoja kipupwe, mwezi wa saba asubuhi, utaona yamefanya ukungu na chini yameganda, watu hukimbilia kusema yamechakachuliwa, hayajachakachuliwa, mawese ndo tabia yao. Mawese yanastahmili moto mpaka kama 230 na hayaharibiki haraka ukiyarudia. Mafuta yake mazito, yale yanayogandisha, ni karibu nusu, na ndo yanayoyafanya yawe imara karaini, na ndo hayo hayo madaktari wanayoyasema vibaya. Jambo moja lina pande mbili, huwezi kuchukua upande mmoja ukaacha mwengine. Nazi imezidi, kama tisini kwa mia ni ya aina hiyo, lakini sijaona meseji ya WhatsApp inayoitukana nazi, sijui kwanini. Au najua, nazi yetu.

Ijapokuwa na mchikichi ni wetu ukifuatilia. Mti wa Afrika, asili yake Afrika Magharibi, Kigoma wanao, na Pemba ipo michikichi na watu wanakamua mawese mekundu mpaka leo. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa kwenye bustani ya mimea ya Bogor, Indonesia, na kutokana na ile minne ndo yakaja mashamba makubwa ya huko Asia. Sasa hivi tunayasubiri mafuta kwenye meli kutoka Indonesia na Malaysia. Mnakumbuka 2022? Vita vya Ukraine vimeanza mwezi wa pili, na Ukraine na Urusi ndo wanaoongoza duniani kwa alizeti, mafuta yakapanda, watu wakahamia mawese, nayo yakapanda, halafu tuko kumi la mwisho la Ramadhani, tarehe 28 Aprili, Indonesia ikafunga kabisa kusafirisha mawese nje. Walifungua tena 23 Mei, Idi ishapita. Mwaka ule kwetu sambusa zilikuwa mbili kila mtu na hakuna alouliza.

Alizeti ilosafishwa nayo nzuri, nyepesi, haina harufu, na ule uzito mbaya ni kama moja ya kumi tu. Ila ni mafuta laini, yanachoka haraka. Sehemu kubwa ya alizeti ya kawaida ni mafuta ya aina inayokatika upesi ikikutana na moto na hewa, kwahiyo chomea mara moja, mara ya pili kama uliyachuja vizuri, halafu basi, usilivute karai la alizeti wiki nzima. Wapo wanaouza alizeti ya mbegu tofauti inayostahmili zaidi, imeandikwa kwenye lebo kuwa ina oleiki nyingi, ukiikuta na bei unaiweza chukua. Ile ya dumu langu, ya kukamua, iunge mchicha, iunge maharage, tia kwenye kachumbari. Samli safi inastahmili moto kuliko mnavyodhani, lakini nani ana hela ya kujaza karai samli. Zaituni naona watu wanauliza, jamani zaituni kakaangie yai.

Nna ugomvi mdogo na lebo. "Haina kolesteroli", imechorwa na moyo mwekundu pembeni. Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya kuhesabu, yote sawa, ya bei kubwa na ya bei rahisi, nazi, mawese, pamba, karanga. Ni kama kuuza maji ukaandika hayana mifupa. Cha kutazama ni kama imeandikwa yamesafishwa, ni ya mmea gani maana "mafuta ya mboga" peke yake sio jina, na kama kuna neno linaloonyesha yamegandishwa kwa haidrojeni, hayo kaa nayo mbali, hata Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 liliziomba nchi ziyatoe kabisa kwenye chakula. Mwisho tazama chupa imekaa wapi. Duka linaloanika madumu ya mafuta juani barazani mie sinunui, jua linayaozesha kabla hujayafungua.

Kurudia mafuta. Nisiwadanganye, narudia, na nyie mnarudia, karai zima la mafuta huwezi kumwaga kila siku kwa maisha haya. Ila kuna utaratibu na nimeushika. Nachoma kwa mpangilio, kwanza chipsi za mhogo au viazi, maana vinachafua kidogo, halafu sambusa (manda zile ukizigandisha vizuri na uji wa unga wa ngano hazifunguki, na kima kiwe kikavu kabisa, kimwagike mchuzi ndani ya karai uone), halafu kachori na bajia, mwisho katlesi maana yai la katlesi linaacha manyuzi na makombo. Samaki hana ndugu, samaki ana chupa yake peke yake nimeiandikia kwa kalamu, na ikishaingia samaki hairudi kwengine. Baada ya hapo nazima moto, naacha yapoe, nayachuja na kitambaa cha melimeli, yale makombo meusi ya chini ndo adui mkubwa, yakibaki yanaendelea kuungua kila ukiwasha. Chupa yenye mfuniko, kabatini, pasipo mwanga.

Utajua yamechoka bila kuambiwa. Yanakuwa mazito, yakimiminwa yanajivuta kama asali, rangi chai ya rangi, yanafuka moshi mapema kuliko jana, povu dogo dogo lisokatika, na harufu ile ya rangi ya kupakia mlango. Nchi kadhaa za Ulaya wana sheria, wanapima vitu vilivyooza ndani ya mafuta, vikifika robo yake basi mwenye mkahawa anayamwaga. Sie hatuna kipimo hicho nyumbani ila tuna pua. Wale jirani zetu wanaochomea kwenye karai moja tangu mfungo mosi, mafuta meusi unajiona uso, wanakwambia ndo yanatia ladha. Yanatia, sikatai. Nakula urojo wao pia. Lakini kwangu hapana.

Viazi visiwekwe friji vikiwa vibichi, wanga wake unageuka sukari kwa baridi, ukivichoma vinakuwa vyeusi na vichungu kabla havijaiva. Na weusi huo sio sura tu, mwaka 2002 wataalamu wa Sweden waligundua vyakula vya wanga vikichomwa moto mkali vinatoa kitu kinaitwa akrilamaidi ambacho si kizuri mwilini, na kadiri rangi inavyokoza ndo kinavyozidi. Rangi ya dhahabu inatosha. Mhogo mie nauchemsha kwanza mpaka unakaribia kupasuka, naukausha na kitambaa, ndo nautia karaini, unatoka nje unalia kwacha kwacha ndani laini. Chumvi baadae.

Halafu maji. Nna alama hapa juu ya kifundo cha mkono, imenyooka kama uzi, ya ngisi. Nilimuosha nikamtia hivo hivo hajakauka, na ngisi anashika maji ndani yake, alilipuka kama fataki. Tone moja la maji likigeuka mvuke linakuwa kubwa zaidi ya mara elfu moja na mia sita, na linataka litoke sasa hivi. Kwa hivo kausha, na pweza mchemshe kwanza. Na kwa sababu hiyo hiyo karai likishika moto usilimwagie maji hata kwa bahati mbaya, litarusha moto mpaka darini. Zima gesi, funika na mfuniko wa sufuria kubwa au sinia, uache hapo hapo usilibebe, usifunue kuchungulia. Mie lilinipata mara moja, simu ililia nikenda barazani kuongea nikajisahau, narudi moshi mzito umejaa dari, dakika mbili zaidi na lingewaka. Tangu siku hiyo simu nikiwa kwenye karai sipokei, hata mama akipiga, na mama keshalalamika kwa ukoo mzima. Ukiungua, maji ya bomba yanayotiririka dakika ishirini, yasiwe ya barafu. Dawa ya mswaki iacheni msalani.

Nimeulizwa pia jiko. Gesi rahisi kupunguza na kuongeza, mkaa unapendeza ladha watu wanasema, mie sijaona tofauti kwa kitu kilochomwa ndani ya mafuta, ila mkaa ukishashika huwezi kuuambia punguza, inabidi utoe kaa moja moja kwa koleo na huku bajia zinaungua. Karai la shaba la urithi lipambie ukuta, shaba inayaozesha mafuta upesi sana. La chuma sawa kama halina kutu.

Dumu la alizeti bado ninalo, limebaki kama robo. Maharage yangu siku hizi yanasifiwa. Wiki ilopita wifi kaja, kazunguka zunguka jikoni, kaulizia watoto, kaulizia bibi, mwisho akasema ati nimuazime kile kipimajoto, Ijumaa ana wageni na anachoma maandazi. Nikamwambia subiri. Nikenda nyuma ya mlango nikang'oa ujiti mmoja kwenye ufagio, nikauosha, nikamfungia kwenye karatasi vizuri nikampa.